Q isiyo na U: Maneno ya Kiingereza yanayojulikana chuoni

Mwanzo wa miaka ya 1980, nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia kuwa herufi Q ni kama mwari asiyetoka pekee. Kila aendako sharti afuatane na U. Kisha akatutaka tuandike maneno matano yenye herufi hiyo. Manne niliyaandika kama tulivyofundishwa. La tano nikaandika "qadi", kwa kuwa nililiona katika kitabu cha Kiingereza nyumbani kwa ami yangu.

Nilichapwa viboko viwili na neno langu likakatwa kwa wino mwekundu. "Hicho ni Kiarabu chenu," akaniambia. "Kiache huko huko chuoni."

Mwalimu huyo simtaji wala simlaumu; alitufundisha kama naye alivyofundishwa. Lakini kisa chake kilinirudia juzi, baada ya sala ya Isha, nilipomkuta binti yangu wa mwisho akicheza Scrabble na nduguze. Mchezo huo ulibuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930. Kwa Kiingereza Q huwa moja tu kati ya vigae vyote, na thamani yake ni pointi 10, kwa kuwa ni adimu na ni nzito kuipatia pahala.

"Baba, Q hii imenikaba," akasema. "U sina."

Nikatazama vigae vyake, nikaona pia A, D na I. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo umeshika mahakama nzima nawe hujui!" Tukafungua kamusi. "Qadi" lilikuwamo, na maana yake ni kadhi, mwenye kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu. Akajipatia pointi 14, nami nikajihisi kama niliyefutiwa viboko vyangu.

Basi, msomaji mpenzi, tujiulize: U hii imetoka wapi? Waingereza wa kale hawakuwa nayo desturi hiyo. Neno lao la malkia, ambalo leo huandikwa "queen", waliliandika "cwen". Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, makatibu wao walileta namna ya kuandika ya Kifaransa, na Q ikafungishwa ndoa na U. Kwa hivyo, ukiona katika kamusi ya Kiingereza neno lenye Q isiyo na U, jua kuwa kwa kawaida hilo ni neno la mgeni.

Wageni hao wametoka pande nyingi. "Qi" ni la Wachina, nalo ni nguvu ya uhai iliyomo mwilini. "Umiaq" ni mashua ya ngozi ya watu wa nchi za barafu za kaskazini. "Mbaqanga" ni muziki wa Afrika ya Kusini. Lakini wengi kabisa ni jamaa zetu. "Qibla" ni kibla. "Waqf" ni wakfu. "Talaq" ni talaka. "Faqir" ni fakiri, "tariqa" ni njia ya masufii, na "niqab" ni kitambaa cha kufunika uso. "Qawwali" ni nyimbo za dini za masufii wa Bara Hindi. "Qat" ni miraa yetu hii ya Meru. Na "qanat" ni mfereji wa chini ya ardhi wa kuleta maji kutoka mlimani, kama ule wa Iran. Wenye jamaa Oman wanaijua mifereji ya namna hiyo kwa jina la falaji.

Ajabu zaidi ni kuwa herufi Q yenyewe ni nduguye qafu. Wafinisia wa kale walikuwa na herufi moja iliyoitwa qoph. Tawi lake moja likapita kwa Wayunani likafika kwa Warumi, likawa Q. Tawi jingine likafika kwa Waarabu, likawa qafu, ile ambayo katika hesabu ya abjadi ni 100, na ambayo sura ya 50 ya Kurani imeitwa kwa jina lake.

Aliyesoma alifu kwa kijiti anaijua hatari ya kuikosea. Maalim wetu alikuwa akitukaza: qafu hutoka mwisho wa ulimi, karibu na koo, nayo kafu iko mbele yake. "Qalb" ni moyo. Ukiteleza ukasema "kalb", umetaja mbwa. "Qul" ni sema. "Kul" ni kula.

Sisi Waswahili, tulipoanza kuandika kwa herufi za Kizungu, tuliwavika wote wawili kanzu moja ya K. Si kosa, maana neno likishakuwa mwana wa nyumba huvaa nguo za nyumba. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kiingereza chake, imeandika "Kadhi" kwa tahajia yetu. Lakini tazameni wakfu: sheria ya zamani, ya mwaka 1951, iliandika kwa Kiingereza "Wakf"; ile iliyoshika pahala pake mwaka 2022 imeandika "Waqf". Qafu imerudi kwa mlango wa Bunge.

Ninalolitaka kwa wazazi ni moja. Mtoto atokaye chuoni haendi skuli mikono mitupu. Ana maneno ambayo wenziwe watayatafuta kwa kamusi, naye anayasikia nyumbani na msikitini kila siku. Tusimwache adhani kuwa elimu yake ya jioni ni ya kufichwa asubuhi. Na atakapozoea kuandika K, asije akaisahau sauti ya qafu. K hiyo moja haimwonyeshi moyo ni upi na mbwa ni yupi.

Binti yangu nilimwandikia ubeti huu nyuma ya karatasi ya kuhesabia pointi:

Qafu kwa kafu siuze, herufi zina mipaka,
Mwanao mfahamize, asije akapotoka,
Yake asiyapuuze, ya wenzi akiyashika,
Cha chuoni akikuze, na skuli akifika.