Siku ya kufunga shule, njoo mwenyewe



Wiki hii mabegi ya watoto wetu yana barua. Kama mtoto wako anasoma shule ya msingi ya parokia, ya masista au ya usharika, hapa Moshi mjini au huko juu Kibosho, Marangu, Machame na Rombo, fungua begi lake leo ukitoka kanisani. Utaikuta imekunjwa mara nne katikati ya daftari la Hisabati, pengine ina doa la parachichi. Wenye watoto wa bweni mmeshaipata kwenye simu, katika kundi la WhatsApp la darasa, chini ya salamu na picha za maua. Inasema shule itafungwa lini, ada iliyobaki ni kiasi gani, na Januari mtoto arudi na nini: rimu ya karatasi, fagio la chelewa, dawa ya viatu, soksi.

Parokia yangu ina shule, na paroko ndiye meneja wake, hivyo barua hizo huzitia sahihi mimi. Kwa miaka niliyofanya kazi hiyo nimegundua kwamba mzazi husoma tarehe na kiasi cha fedha, basi. Upo mstari mmoja katikati ambao macho huuruka. Unasema mtoto achukuliwe na mzazi au mlezi wake mwenyewe. Leo naomba tukae kwenye mstari huo.

Mwaka jana tulifunga siku ya Ijumaa. Tulianza na Misa, zikafuata zawadi, ngonjera ya darasa la pili, kisha pilau. Saa saba mchana uwanja ulikuwa umejaa magari na bodaboda, na watoto wakikimbia kutafuta sura ya mama. Saa kumi walibaki wanne. Saa kumi na mbili alibaki mmoja, mvulana wa darasa la tano, amekaa juu ya tranka lake la bluu, godoro limefungwa kamba pembeni. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni, na matroni alimletea sweta na sahani ya ugali.

Tukapiga simu. Ya baba haikupatikana. Baba mdogo aliye mjini akashangaa: "Kwani shangazi yake hajapita?" Shangazi wa Himo naye akasema, "Mimi niliambiwa baba yake anamfuata mwenyewe." Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja aliamini mtoto yuko na mwenzake. Yule mtoto, bila kunitazama, akasema, "Padri, labda wamesahau kwamba ni leo."

Saa mbili usiku alifika bibi yake kwa bodaboda, kanga kichwani, tochi mkononi. Alikuwa amesikia kwa jirani kwamba shule imefungwa. Nilimwamkia, akaitikia, akamfunga mjukuu vifungo vya sweta mpaka shingoni. Tranka likafungwa nyuma kwa mpira, godoro tukabaki nalo sisi, wakateremka gizani watatu kwenye pikipiki moja. Najua sheria inasemaje juu ya abiria wa pikipiki. Usiku ule nilinyamaza.

Msomaji wa Injili ya Luka ameshaona ninakokwenda. Yusufu na Maria walipanda Yerusalemu kwa Pasaka kama desturi yao ya kila mwaka, na mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa darasa la sita au la saba. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni mbali kuliko kutoka hapa Moshi hadi Same, na watu walitembea kwa misafara, ukoo kwa ukoo. Wakati wa kurudi walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani. Jioni ndipo walipoanza kumwulizia kwa ndugu na jamaa. Nilipokuwa mseminari nilifundishwa kutafuta katika habari hii maana ya Hekalu na ya maneno ya mtoto kuhusu Baba yake, na maana hiyo ndiyo kuu. Lakini tangu niwe meneja wa shule hunikalia zaidi ile siku moja ya mwendo. Hawa ni wazazi watakatifu kuliko wote waliowahi kuishi, wakampoteza mtoto kwa sababu ile ile ya shangazi wa Himo: ndugu walikuwa wengi. Walipogundua, hawakutuma mtu. Walirudi wenyewe, na walimpata baada ya siku tatu.

Sisi watu wa mlimani tuna msafara wetu. Desemba tunarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mererani na kwingineko, na wenzetu wa makabila mengine hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo una Injili ndani yake, maana Yusufu naye alikwenda Bethlehemu kuhesabiwa, na ni sura hiyo hiyo ya pili ya Luka. Nyumba yenye vyumba vitatu inapokea watu kumi na wanane. Ni furaha kubwa, nami nimekulia ndani yake. Lakini katika msongamano huo huo kila mtu mzima hudhani mtoto anaangaliwa na mwingine.

Basi nitauliza maswali ambayo mapadri huwa tunayazunguka. Usiku mtoto wako analala chumba gani, na nani? Umeangalia kwa macho yako, au umeambiwa "atalala na wenzake"? Walimu wetu wamekwisha kusikia Januari mambo yaliyotendeka Desemba, na mtendaji hakuwa mgeni; alikuwa mtu ambaye mtoto alifundishwa kumwamkia. Mtoto akikwambia hataki kulala chumba fulani, usimwambie ana adabu mbaya. Ukipata habari ya namna hiyo, usiipeleke kwenye kikao cha ukoo iishie kwenye jani la sale na mbuzi wa kuombana msamaha. Jani la sale ni jambo jema la wazee wetu, tena la upatanisho. Ila halikuwekwa kwa ajili ya kuficha uhalifu dhidi ya mtoto. Lipo dawati la jinsia na watoto polisi, na ipo namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, ambayo haikatwi hela.

Mengine ni madogo lakini yanaua pia. Mifongo hujaa mvua ikinyesha huko juu, na mtoto aliyezoea bomba la bweni hajui kuogopa maji ya mfongo. Kata ya mbege inapozunguka, mtoto asionjeshwe ili wakubwa wacheke.

Turudi shuleni. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazazi wengi walilalamika, na sisi wenye shule tulilalamika zaidi, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimeshanunuliwa. Leo nasema waraka ule ulikuwa na haki. Mtoto wa miaka sita anahitaji mtu wa kumwuliza jioni ameumia wapi, na matroni mmoja mwenye watoto hamsini hawezi kuuliza wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristo, uliwaita wazazi walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao, ukaongeza kwamba wakikosekana ni vigumu sana kuziba pengo lao. Hayo hayakuwa mageni hapa. Mchungaji Bruno Gutmann, Mlutheri kutoka Ujerumani aliyetumika Old Moshi mwanzoni mwa karne iliyopita, alijaza vitabu vitatu vikubwa kwa mafundisho ambayo wazee wa Kichagga waliwapa vijana wao, ana kwa ana, mkubwa na mdogo wameketi pamoja.

Sasa ripoti. Mzazi huifungua bahasha akiwa bado amesimama, macho yakienda moja kwa moja kwenye nafasi: wa ngapi kati ya wangapi. Akikuta wa tatu anauliza kwa nini si wa kwanza, akikuta wa thelathini anaikunja na kuitia mfukoni, na mtoto anasoma uso wake wote. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kama lilivyozoea. Ikiwa taifa limeweza kuishi bila kumi bora, hata sebule yako itaweza. Shuka chini ya ukurasa, pale mwalimu wa darasa anapoandika kwa mkono. Mwaka jana mwalimu mmoja aliandika kwamba mtoto fulani hugawa chakula chake kwa mwenzake anayeumwa. Nilimwuliza mama yake baadaye kama alifurahi. Alikuwa hajaona.

Naomba uisome ripoti mkiwa wawili, mmeketi, baada ya chakula. Mwulize mtoto somo gani lilimchosha na nani alikuwa rafiki yake mwaka huu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisema kwamba swali la mzazi si mtoto yuko wapi kwa mwili tu na yuko na nani, bali yuko wapi ndani ya nafsi yake. Swali hilo halijibiwi kwa simu.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa nimewasema wazazi peke yao. Ndivyo nilivyofanya mwaka jana. Jumapili iliyofuata ile Ijumaa nilihubiri kwa ukali juu ya mtoto aliyesahauliwa kwenye tranka. Sikutaja jina, lakini kijiji kizima kilijua.

Januari, siku ya kufungua shule, baba wa mtoto yule alikuja ofisini peke yake. Alikataa kiti.

"Baba Paroko," alisema, "mimi sikusahau. Barua yenu ilisema asiyemaliza ada hatapewa ripoti. Nilikuwa nadaiwa laki tatu na nusu. Siku ile nilifika mpaka getini. Nikaona wenzangu wanaitwa majina, wanapewa bahasha. Nikasema mwanangu asinione nikirudishwa mbele ya watu. Nikazima simu, nikageuza pikipiki."

Nikamwuliza kama alimwona mtoto.

"Nilimwona. Alikuwa amekaa kwenye tranka."

Barua ile niliitia sahihi mimi. Tena Jumapili ile alikuwamo kanisani, benchi la tatu kutoka nyuma, akinisikiliza nikimhubiri. Nilimwomba msamaha pale pale mlangoni, naye akapokea, kwa upole ambao ulinitesa zaidi kuliko kama angenifokea.

Wazee wetu walipeleka watoto shule kwa fedha ya kahawa, na mwaka wa bei mbaya misheni ilingoja msimu mwingine. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizihamishia serikalini shule nyingi za makanisa, na mlango ulipofunguliwa tena miaka ya baadaye tulirudi na majengo mazuri, mabasi ya njano na mhasibu. Sina ugomvi na mhasibu. Walimu wetu wanalipwa kwa ada, nao wana watoto na wana kodi ya nyumba. Mzazi mwenye uwezo anayechelewesha ada ili amalizie gari la Krismasi anamla mwalimu, na alisikie hilo. Lakini deni ni la mtu mzima kwa mtu mzima. Tulilichukua tukaliweka juu ya tranka la mtoto.

Mwaka huu barua yetu imebadilika. Kila mzazi atapewa ripoti, anayedaiwa na asiyedaiwa, na meza ya mhasibu siku ya kufunga haitakuwepo. Wenye madeni tutazungumza nao mmoja mmoja wiki ya kwanza ya Januari, mlango umefungwa. Kamati ya shule ilinipinga kwa saa mbili. Walisema wapo watakaotumia nafasi hiyo vibaya, na ni kweli, watakuwepo. Nawaomba mameneja wenzangu, wa Kikatoliki na wa Kilutheri, wazisome tena barua zao kabla ya Ijumaa.

Nawe mzazi, kama uko mbali kweli, uko machimboni au kazi haikuruhusu, teua mtu mmoja. Mmoja tu, wala si "mmoja wa baba zake wadogo". Mpigie mwalimu wa darasa umtajie jina lake, kisha zungumza na mtoto mwenyewe kwa simu ya matroni umwambie: atakayekuja ni fulani. Ajue nani wa kumtazamia getini.

Kwetu geti litafunguliwa saa mbili asubuhi. Misa ni saa tatu, chakula ni saa sita. Godoro la mwaka jana tulishalirudisha. Mimi nitakuwa pale getini mpaka tranka la mwisho liondoke.