Dawa inayookoa figo za wagonjwa wa lupasi na tahadhari zake

WAHENGA walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mgonjwa wa lupasi, adui yu karibu hata kuliko nguo, kwani ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Kinga hiyo, ambayo kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, hugeuka ikaanza kushambulia ngozi, viungo, mapafu na moyo. Ikizifikia figo, hatari huwa kubwa zaidi, maana figo zilizoharibika kabisa hazirudi, na mgonjwa hubaki akitegemea mashine ya kusafisha damu au figo ya kupandikizwa.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, takriban 9 kati ya kila wagonjwa 10, na wengi wao wamo katika umri wa kuzaa. Isitoshe, watu weusi huathirika figo mara nyingi zaidi, na kwa ukali zaidi, kuliko wazungu. Figo zenyewe haziumi. Mkojo unaweza kuwa na povu lisiloisha upesi, miguu ikavimba jioni na kope asubuhi, au kijana akapatikana na shinikizo la damu. Mara nyingine hakuna dalili yoyote mpaka mkojo upimwe na kukutwa na protini.

Daktari akishuku kuwa figo zimeguswa, huchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano ili kipimwe. Kipimo hicho kikithibitisha uvimbe mkali, tiba huwa ni mchanganyiko wa dawa: predinisoloni ya kutuliza uvimbe huo, haidroksiklorokwini, na dawa ya kupunguza nguvu ya kinga. Kati ya hizo za kupunguza kinga, inayotumiwa sana leo ni maikofenoleti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la kibiashara la CellCept, ingawa zipo nyingine nyingi za bei nafuu zenye dawa iyo hiyo.

Asili ya dawa hii itamshangaza mkulima wa Kitale. Mwaka 1893, daktari Mwitaliano Bartolomeo Gosio, akichunguza mahindi yaliyoharibika kwa ukungu, alipata ndani ya ukungu huo tindikali ambayo ndiyo mama wa maikofenoleti. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya Marekani kuidhinisha dawa hii mwaka 1995, na hapo ilikuwa kwa watu waliopandikizwa figo. Wagonjwa wa lupasi walifuata baadaye. Utafiti uliochapishwa 2009, uliowahusisha wagonjwa 370, ulionyesha kuwa maikofenoleti hutuliza figo sawa na saiklofosfamaidi, dawa kali ya mishipani inayoweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Mwaka 2011, awamu ya pili ya utafiti huo ikaonyesha kuwa inazuia ugonjwa kurudi vizuri zaidi kuliko azathioprini.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Chembe nyeupe za damu zinazoongoza mashambulizi hulazimika kuzaana kwa wingi, na kila chembe mpya huhitaji malighafi maalumu ya kuundia vinasaba. Chembe nyingi za mwili zaweza kutumia tena malighafi iliyokwisha kutumika, lakini hizi hutegemea kuitengeneza upya. Maikofenoleti hufunga njia hiyo ya utengenezaji. Mashambulizi hupungua, lakini walinzi nao hupungua. Tahadhari nyingi zinazofuata zinatokana na ukweli huo mmoja.

Kipimo cha mwanzo kwa mtu mzima huwa gramu 2 hadi 3 kwa siku, yaani tembe 4 hadi 6 za miligramu 500, zikigawanywa asubuhi na jioni kwa mwachano wa saa 12. Madaktari wengi huanza na kiasi kidogo na kukiongeza taratibu, kwa sababu tumbo hulalamika: kichefuchefu, kutapika, na zaidi ya yote kuharisha. Dawa hunyonywa vyema tumbo likiwa tupu, ingawa daktari aweza kumruhusu mgonjwa kuila pamoja na chakula akisumbuliwa mno. Tembe humezwa nzima, haisagwi wala haivunjwi, kwani unga wake una madhara. Mwanamke mjamzito hapaswi kuushika wala kuuvuta puani. Ikitokea umesahau dozi, imeze ukumbukapo, ila kama dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja.

Kuna aina ya pili ya dawa hii, yenye chumvi ya sodiamu, ambayo vipimo vyake ni tofauti: miligramu 720 za aina hiyo ni sawa na miligramu 1,000 za ile ya kawaida. Mwenye duka la dawa akikuambia kuwa hana uliyoandikiwa ila anayo "ile nyingine," usikubali kabla daktari wako hajabadilisha hesabu.

Dawa za kiungulia nazo huwapotosha wengi. Zile zenye magnesiamu na alumini huzuia maikofenoleti kuingia katika damu, hivyo hazimezwi kwa wakati mmoja nayo. Hata omeprazoli, ambayo siku hizi hununuliwa kama peremende, huweza kupunguza kiasi kinachonyonywa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ni baya jingine, kwani huziumiza figo moja kwa moja. Parasetamoli ni salama zaidi kwa kipimo cha kawaida. Ama mizizi na majani yanayouzwa kwa madai ya "kuongeza kinga," mgonjwa wa lupasi ayaepuke kabisa: kinga iliyopotoka haihitaji kuongezewa nguvu.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, hufanywa na mgonjwa aliyepata nafuu. Uvimbe umekwisha, nywele zimeota, amerudi kazini. Anatazama bei ya dawa na ada ya shule ya watoto, kisha anaanza kumeza tembe mara moja kwa siku, baadaye kwa siku mojamoja, halafu anaacha. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa figo wa mwaka 2024 unashauri tiba ya kupunguza kinga kwa lupasi ya figo iendelee kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, na kupunguzwa kwake kuamuliwe na daktari. Ugonjwa ukirudi, hurudi kimya, na kila mara unaporudi huacha makovu katika figo. Vilevile predinisoloni haiachwi ghafla, kwa kuwa mwili huwa umesahau kutengeneza homoni yake. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni vyema mgonjwa aulize mapema, kabla chupa haijaisha, ni sehemu gani ya gharama italipiwa. Asiyeweza kununua na aseme. Daktari aliyeambiwa ukweli aweza kumhamishia dawa ya bei nafuu, lakini hawezi kutibu asichokijua.

Jambo la uzazi linahitaji kuzungumzwa waziwazi. Takwimu zilizotolewa na Shirika la Dawa la Ulaya mwaka 2015 zinatisha: kati ya kila mimba 100 zilizokumbana na maikofenoleti, 45 hadi 49 ziliharibika, na kati ya watoto 100 waliozaliwa hai, 23 hadi 27 walikuwa na kasoro, hasa za masikio, midomo, macho na moyo. Katika watu wa kawaida, kasoro huwa 2 hadi 3 kwa 100. Kwa hivyo mwanamke hupimwa mimba kabla ya kuanza dawa, hurudiwa kipimo baada ya siku 8 hadi 10, na hutumia njia thabiti ya kupanga uzazi muda wote hadi wiki 6 baada ya kuiacha. Vidonge vya uzazi pekee havitoshi, na vile vyenye estrojeni vyaweza kumgandisha damu mwenye lupasi kali. Kitanzi au kipandikizi hufaa zaidi.

Haya hayana maana kuwa hatazaa. Katika jamii zetu, mke wa miezi sita huanza kuulizwa na mama mkwe kuna habari gani, na daktari aandikaye dawa hii bila kuuliza habari za ndoa na watoto amefanya nusu ya kazi. Mwanamke anayetaka mtoto huhamishiwa azathioprini, ambayo imetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi, huku akiendelea na haidroksiklorokwini. Husubiri hadi figo zitulie kwa angalau miezi 6. Dawa za kulinda figo kama losatani na enalaprili nazo hubadilishwa, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Mimba ikiingia bila kupangwa, mama asijifiche. Amwone daktari mara moja.

Kwa mazingira yetu, kifua kikuu ni hatari ya pekee. Kabla ya tiba, mgonjwa anapaswa kupimwa ugonjwa huo, pamoja na virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B, ambayo huweza kuamka kinga inapolala. Tatizo ni kwamba rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hupunguza sana kiasi cha maikofenoleti katika damu. Kliniki ya kifua kikuu na ile ya figo ni lazima zizungumze, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye mjumbe.

Aidha, chanjo zenye viini hai, kama vile ya surua na ya homa ya manjano, haziruhusiwi. Katika mlipuko kama ule wa homa ya manjano uliotangazwa Isiolo Machi 2022, mtu huyu hapangi foleni kabla ya kumuuliza daktari wake. Chanjo za mafua, nimonia na pepopunda hazina viini hai, na zinafaa. Na asidhani kuwa haidroksiklorokwini itamkinga na malaria kwa sababu ni ndugu wa klorokwini. Kenya iliacha kutegemea klorokwini mwaka 1998 baada ya vimelea kuizoea. Chandarua bado kinahitajika.

Damu hupimwa kila wiki katika mwezi wa kwanza, mara mbili kwa mwezi katika miezi miwili inayofuata, kisha kila mwezi hadi mwaka utimie, ili kuona kama chembe nyeupe zimeshuka mno. Mkojo hupimwa pia. Jua kali huamsha lupasi, na dawa yenyewe huongeza uwezekano wa saratani ya ngozi, hivyo kofia na mikono mirefu ni sehemu ya tiba.

Joto la mwili likifika nyuzi 38, au kikohozi, vidonda vya mdomo, michubuko isiyo na sababu au malengelenge ya mkanda wa jeshi yakitokea, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukiwa na makasha ya dawa zako zote, na mwambie mhudumu wa kwanza utakayemkuta, kabla hujaketi kwenye foleni, kwamba unameza dawa inayopunguza kinga.