Utangulizi: Elimu ya Kuishi Mbali na Dunia

Zikitajwa habari za binadamu kuhamia Mirihi, wengi huulizia roketi. Safari ya kwenda huko huchukua miezi saba hivi. Kukaa ndiko kugumu. Shinikizo la hewa ya Mirihi halifikii asilimia 1 ya lile la usawa wa bahari hapa duniani, na karibu hewa yote ni hewa ukaa. Kitabu hiki kinahusu namna ya kumweka mtu hai mahali kama hapo.

Mtu mzima hutumia takriban gramu 840 za oksijeni kwa siku, mbali na maji na chakula. Kuagiza kila kitu kutoka nyumbani hakuwezekani, maana nafasi nzuri ya kurusha chombo kwenda Mirihi hupatikana mara moja tu kila baada ya miezi 26 hivi. Zimebaki njia mbili: kutengeneza huko huko, na kurudisha kazini kilichokwisha kutumika. Njia ya kwanza imeanza kujaribiwa. Mtambo wa MOXIE, uliotua Mirihi mwaka 2021 ndani ya chombo cha Perseverance, ulitoa oksijeni kutoka hewa ukaa, jumla gramu 122 hadi majaribio yalipokamilika mwaka 2023. Kiasi hicho hakimtoshi mtu mmoja hata kwa saa nne, lakini kilithibitisha kwamba jambo linawezekana.

Njia ya pili ina mitego zaidi, na funzo lake kubwa limetoka hapa hapa duniani. Septemba 1991, watu wanane walijifungia ndani ya Biosphere 2, jengo la vioo la zaidi ya hekta moja huko Arizona, Marekani. Kwa miaka miwili walilima chakula chao humo, wakakonda, lakini wakastahimili. Kilichowashinda ni hewa. Katika miezi 16, oksijeni ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi 14 hivi, wakawa wanachoka upesi kama watu walio juu ya mlima mrefu, hadi ikabidi waongezewe oksijeni kutoka nje. Bakteria wa udongo wenye mboji nyingi walikuwa wakiila oksijeni na kutoa hewa ukaa. Mimea ingeirudisha oksijeni hiyo, ila sehemu kubwa ya hewa ukaa ilifyonzwa na zege la jengo lenyewe. Nani angeliwekea zege hesabu ya pumzi?

Ndiyo maana taaluma hii haiwezi kuachiwa wahandisi wa roketi peke yao. Inamhitaji anayeujua udongo, fundi bomba, mkemia, mkulima na daktari. Ikiwa wewe ni mmoja wao, usijione mgeni: anza na sura inayohusu kazi yako, kisha usome ya jirani yako, kwa sababu kosa la mmoja huko litamkosesha pumzi mwenzake.