Gari la zamani na kruzi kontroli: piga hesabu kabla ya kumpa fundi hela

Leo tunaongelea gari la mzigo. Najua wengi mnatuma kwa basi, na kama mzigo wako ni gunia mbili, endelea na basi. Lakini humu kuna wenzetu wana pikapu ya mzee, ile Land Cruiser au Land Rover ya zamani, ndiyo inabeba biashara. Hii ni yenu.

Mimi nauza tangawizi ya Mamba Miamba na mchele wa Ndungu. Oda napokea kwa simu nikiwa hapa Same, na mara mbili kwa mwezi gari linashuka Dar. Ni Land Cruiser ya mwaka 1982, dizeli, gia nne, mali ya baba mkwe. Dereva ni shemeji yangu.

Siku moja karudi safari, kakaa kwenye benchi, anajikanda goti la kulia. "Shemeji," akaniambia, "huu mguu unawaka moto. Kuna kifaa nimekiona kwenye gari la mteja. Unabonyeza kitufe, gari linajiendesha mwendo ule ule, unatoa mguu kwenye mafuta. Tukifunge."

Fundi wa umeme akasema kinawezekana, kifaa na kazi jumla Sh 650,000. Sasa mimi ni Mpare. Hela yangu haitoki bila kuulizwa inakwenda wapi. Nikaomba wiki tatu. Haya ndiyo niliyojifunza.

KWANZA: KIFAA CHENYEWE KINAFANYA NINI?

Kruzi kontroli ni kifaa kinachoshika mwendo. Ukifika kilomita 70 kwa saa ukabonyeza, chenyewe kinavuta kebo ya mafuta mbele au kinailegeza ili ubaki 70. Ukigusa breki, kinaachia.

Aliyekibuni alikuwa mhandisi wa Marekani, Ralph Teetor, mtu wa kampuni ya kutengeneza ringi za pistoni. Alikuwa kipofu tangu ana miaka 5. Alipakiwa sana kwenye magari ya watu, na akachoshwa na madereva wanaokanyaga na kuachia, kanyaga, achia. Hati yake ya ubunifu ilitoka 1950, na Chrysler wakaanza kuuza magari yenye kifaa hicho 1958.

Hapo kuna la kuzingatia. Kifaa kilibuniwa kwa barabara ndefu zenye mwendo wa kutulia. Kazi yake ni mafuta tu. Breki hakishiki. Gia hakibadilishi. Hakioni mbuzi.

Kwa hiyo kwenye gari la zamani la gia za mkono ni hivi: mkipanda na mzigo, kinavuta mafuta mpaka mwisho, injini inalia, mwendo unashuka, na gia utabadilisha wewe. Mkishuka, mzigo unasukuma gari kupita mwendo uliopanga, na kifaa hakina la kufanya. Aliyewahi kushuka na gunia 20 kutoka Mamba, Mbaga, Suji au Chome anaelewa. Kule ni gia ndogo na breki za injini. Kule kitufe hiki hakiguswi kabisa.

Na wale wanaosema "kinaokoa mafuta": kwenye tambarare kidogo kweli, kwa sababu hukanyagi ovyo. Kwenye vilima kinaweza kula zaidi, maana kinang'ang'ania mwendo ambao dereva mzuri angeuacha ushuke kidogo.

PILI: UTAKITUMIA DAKIKA NGAPI?

Hili ndilo swali ambalo fundi hakuulizi. Nikapanda safari na daftari. Kazi yangu ilikuwa moja: kuandika kila kipande ambacho mguu wa shemeji ulikaa pale pale zaidi ya dakika 5 bila kugusa breki wala gia.

Tulitoka Same, milima iko mkono wa kushoto, lami imenyooka, nikasema hapa kitufe kitafanya kazi. Kidogo tu, Makanya. Punguza. Tukashika mwendo, Hedaru. Punguza, matuta, bodaboda wanakatiza, mama ana ndoo ya nyanya dirishani. Mkomazi. Mombo. Korogwe. Kila senta ni 50, na wenye tochi mnawajua. Baada ya Segera kuna vipande vizuri kuelekea Kabuku na Mkata, ila malori ni mengi, unakaa nyuma ya moja linakwenda 40. Ukikaribia Kibaha, sahau.

Safari nzima saa 9 na dakika 20. Dakika za kifaa: 75.

Sasa hesabu. Safari 24 kwa mwaka mara dakika 75 ni saa 30. Gawanya Sh 650,000 kwa saa 30, ni karibu Sh 21,700 kwa kila saa moja ya kupumzisha mguu. Hata ukisema kifaa kitadumu miaka mitatu, bado ni kama Sh 7,200 kwa saa. Na kwa faida ya kilo ya tangawizi mnayoijua, hizo ni kilo nyingi.

Wewe namba zako zitakuwa tofauti. Bei ya fundi wako iweke hapo, safari zako ziweke hapo. Ila panda gari na daftari. Usikisie.

TATU: GARI LENYEWE LINAKUBALI?

Gari la zamani lina maswali yake. Muulize fundi haya, na asipokuwa na jibu tafuta mwingine:

1. Umeme wa volti ngapi? Vifaa vingi vya kufunga baadaye ni vya volti 12. Baadhi ya dizeli za zamani ni volti 24.

2. Kifaa kinavuta kebo kwa nguvu gani? Vya zamani vinatumia mvuto wa hewa wa injini. Petroli ya kabureta inao. Dizeli nyingi hazina mvuto wa kutosha, zina pampu ndogo kwa ajili ya breki. Fundi akisema "tutachomoa kidogo kwenye hewa ya breki", kataa. Likivuja hapo breki zinakuwa ngumu. Kwa dizeli tafuta kinachotumia mota ya umeme.

3. Kitajuaje mwendo? Spidomita ya zamani inaendeshwa na waya unaozunguka, haitoi ishara ya umeme. Inabidi kufunga sumaku kwenye propela shafti na kihisio pembeni yake. Kama joint za shafti zimelegea na zinatetemeka, anza na hizo.

4. Kinakatika kwa njia ngapi? Swichi ya breki ni lazima. Swichi ya klachi ni lazima kwa gia za mkono, la sivyo ukikanyaga klachi injini inapiga kelele kama inataka kuruka. Na kitufe cha kuzima cha mkononi. Kuna vifaa vinavyosoma breki kupitia balbu za nyuma, kwa hiyo ukiweka balbu za LED au balbu zikiungua, kifaa kinaweza kukataa kushika.

Na tafadhali: kile kitasa cha mafuta cha mkono kilichopo kwenye dashibodi za baadhi ya magari ya zamani SIYO kruzi kontroli. Kimewekwa kwa ajili ya kazi gari likiwa limesimama, kama kuzungusha mashine. Ukikivuta barabarani, ukikanyaga breki chenyewe hakiachii. Wapo wanaofanya. Usiwe mmoja wao.

NNE: KUMBE TATIZO LILIKUWA JINGINE

Kabla ya kulipa, nilimpeleka gari fundi wa makanika, siyo wa umeme. Nikamwambia kitu kimoja: "Dereva wangu anaumwa mguu wa kulia. Angalia kwa nini."

Akakanyaga pedeli ya mafuta kwa mkono. Akaniita na mimi nikanyage. Jamani, ngumu kama kusukuma mlango wenye mtu nyuma yake. Akachomoa kebo. Pale inapopenya kuingia kwenye injini, nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika na zinajikunja ndani ya ganda. Bawaba ya pedeli imejaa kutu. Na kiti kimedidimia, mtu anakaa goti liko juu ya nyonga, saa tisa mfululizo.

Halafu akasema jambo ambalo lilinikalisha chini. Akasema kebo ya namna hii siku moja inakwama, inabaki imevutwa. "Mngefunga kile kifaa juu ya hii kebo, kinavuta, nyuzi zinajisokota, dereva anagusa breki, kifaa kinaachia lakini kebo hairudi."

Nikafikiria shemeji, gunia 25 nyuma, anaingia Hedaru saa ya watoto kutoka shule. Nilinyamaza.

Kebo mpya Sh 35,000. Springi ya kurudishia Sh 5,000. Kiti kuwekwa godoro jipya Sh 30,000. Ufundi Sh 20,000. Jumla Sh 90,000. Shemeji alikwenda safari moja akarudi, nikamuuliza goti. Akasema, "Shemeji, nilikuwa nabeba gari kwa mguu."

Hela iliyobaki ilikuwa Sh 560,000. Sh 180,000 nilitengeneza breki za nyuma, maana fundi alizikuta zimeisha. Sh 380,000 ikaingia kwenye mzigo.

TANO: USINGIZI HAUTIBIWI NA KITUFE

Hili nimeliacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu linatuhusu sisi wauzaji, siyo mafundi.

Nilipokaa kwenye gari saa tisa niliona kitu ambacho nikiwa dukani sikuwa nakiona. Shemeji alikuwa anatoka saa nne usiku kwa sababu MIMI niliwaandikia wateja "mzigo unafika asubuhi mapema". Mguu ulimuuma, ndiyo. Ila macho yalikuwa mekundu pia. Kifaa cha kushika mwendo kingempunguzia hata ile kazi ndogo ya mguu iliyokuwa inamweka macho. Dereva aliyechoka ukimwondolea kazi, analala vizuri zaidi.

Kwa hiyo nilibadilisha tangazo. Sasa linasema: "Mzigo unatoka Same Ijumaa alfajiri, unapokea Dar Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi." Wateja wawili walilalamika. Mmoja aliondoka. Wengine wote wapo. Na tumekubaliana na shemeji: kila baada ya saa mbili anasimama, anashuka, anatembea. Mombo anakula, hakuna mjadala.

SASA, NANI AFUNGE?

Sisemi kifaa ni kibaya. Funga kama:

- Daftari lako linaonyesha saa nyingi za mwendo wa kutulia kila wiki, siyo kila mwezi.
- Dereva ana tatizo la mguu ambalo limebaki hata baada ya kebo, pedeli na kiti kuwa sawa.
- Breki, tairi, usukani na joint za shafti viko vizuri.
- Umepata fundi aliyewahi kufunga kwenye gari la aina yako, na anakubali mkajaribu pamoja: breki inakata, klachi inakata, kitufe kinakata, mara kumi kati ya kumi.

Usifunge kama njia zako nyingi ni za kupanda milimani, au kama hela ndiyo ile ile ya mtaji wa wiki ijayo, au kama unataka tu gari la babu lionekane la kisasa.

Na ukifunga, mwambie kila anayeshika usukani. Gari la familia lina madereva wengi. Asiyejua kitufe ni cha nini asikibonyeze akiwa Mkomazi usiku.

Kama bado unabishana na dereva wako, wiki hii fanya jambo moja tu. Injini ikiwa imezimwa, kaa kwenye kiti chake, kanyaga pedeli ya mafuta kwa mkono wako, iachie. Inarudi yenyewe haraka? Ni laini? Kama jibu ni hapana, hiyo ndiyo oda yako ya kwanza kwa fundi.

Andika kwenye komenti: gari lako la mzigo ni la mwaka gani na dereva wako analalamika nini? Msheyie na yule mwenye Land Cruiser ya babu.