Mkao Kwanza, Sura Baadaye: Namna Wachoraji wa Dar Wanavyomchora Mtu

Jirani yako akishuka daladala Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni, wewe ukiwa ng'ambo ya barabara, humtambui kwa macho yake wala kwa pua yake. Unamtambua kwa bega lililoinama upande wa mkoba, kwa hatua zake, kwa jinsi anavyoshika upindo wa kanga. Sura unaithibitisha akishafika karibu. Wachoraji wetu mahiri wa Dar es Salaam hufuata utaratibu huohuo: huanza na mkao wa mwili, uso ukaja mwishoni. Watu wengi hutazama michoro hiyo na kusema nyuso hazina uhai au zinafanana. Wanatafuta mahali ambapo mchoraji hakuweka kazi yake.

Tuanze na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora na kuuza picha zake eneo la Morogoro Stores, Oysterbay, wilayani Kinondoni. Alichorea vipande vya hadibodi, vingi vikiwa vya mraba wa kama sentimita 60, akitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo mitaani huitwa rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, lakini miaka ile michache ilitosha kuacha mtindo wenye jina lake. Anafahamika zaidi kwa wanyama na ndege, ila kanuni za rangi yake zinambana anayechora mtu vilevile.

Rangi ile hutiririka na kujisawazisha yenyewe, alama za brashi zikapotea. Baada ya muda hufunga utando juu, na ukirudisha brashi hapo inakwaruza na kuharibu. Kwa hiyo kivuli laini kinachozungusha shavu, kama wanavyokijenga wachoraji wa Ulaya kwa rangi inayokauka polepole, ni kazi ngumu mno hapa. Mchoraji wa Tingatinga hupaka kwanza mandhari ya nyuma, akichanganya rangi mbili au tatu zikiwa bado mbichi ili ziingiane. Anaacha zikauke. Kisha anaweka umbo zima la mtu kwa rangi moja bapa. Anaacha tena. Ndipo zinakuja nguo, mistari na nukta. Hatua ya pili ndiyo yenye hukumu: umbo likikosewa, hakuna urembo utakaoliokoa.

Chukua mfano wa mwanamke aliyejitwika ndoo. Katika hatua ya umbo yeye ni kivuli cha kahawia tu, hana macho wala mdomo. Lakini shingo imenyooka, mkono mmoja umepanda, kiwiko kimekunjwa, na nyonga imesogea juu ya mguu unaobeba uzito. Tayari umeshajua kuwa ndoo imejaa. Baadaye kanga inapowekewa nukta, mchoraji stadi hazitawanyi hovyo. Huzipanga zifuate mkunjo wa mwili, akizibana zaidi kuelekea ukingoni, na kile kilichokuwa bapa kikaonekana kina mviringo. Hicho ndicho kivuli chake, amekijenga kwa nukta.

Walioufuata mtindo huo, wakiwemo Mohamed Charinda na Maurus Malikita, waliupeleka kwa binadamu kwa nguvu zaidi: visa vya kale na picha zilizosheheni watu. Katika picha ya umati, uso mmoja unaweza kuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Hapo muuzaji, mgonjwa, mlevi na mwizi anayekimbizwa hutofautishwa kwa migongo na miguu yao.

Chanzo cha pili cha utaratibu huu, baada ya rangi, ni kuchonga. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alikuwa Mmakonde aliyeanza na mti kabla ya rangi. Alipokuja Dar es Salaam alianzia kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa miaka ya 1970, na hapo kipaji chake kikapata wa kukitambua. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa katika maonyesho ya wasanii wa Tanzania mjini Washington. Viumbe wake wana masikio makubwa, matumbo yaliyotokeza na vidole vichache. Wanatokana na mashetani wa vinyago vya Kimakonde, lakini wanaishi kama sisi: wanacheza ngoma, wanabebana, wanagombana.

Ukimtazama Lilanga, tazama namna viungo vinavyopokezana. Mkono wa huyu unaanzia pale unapoishia mguu wa yule, kiasi kwamba pengo baina yao nalo lina umbo. Mchonga mpingo hujifunza hilo mapema, kwa kuwa anachotoa kwenye mti ni sehemu ya kinyago sawa na anachobakiza. Kwa ubao na rangi, Lilanga aliendelea kufikiri hivyo: pengo kati ya kiwiko na mbavu alilichora kwa umakini uleule aliochorea kiwiko.

Wengine walifikia kutanguliza mkao kwa njia tofauti. Sam Ntiro, aliyesomea Makerere na kisha chuo cha sanaa cha Slade jijini London, aliwachora Wachaga wakiwa kazini na sherehe zikiendelea. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Watu wake ni wadogo katikati ya mandhari, na unachokifuata ni mdundo wa safari yao. Christian Gregory naye, kwa katuni za Chakubanga katika gazeti la Uhuru, alilazimika kutegemea mstari: chapa ya gazeti haibebi kivuli laini.

Wapo wanaoanza na uso, nao wanastahili heshima yao. Nenda Tandika au Temeke mwisho utazame kuta za saluni za kiume. Mchora mabango huchukua picha ya kichwa, anaigawa kwa miraba ya penseli, kisha anapiga miraba mikubwa ukutani kwa chaki na kuhamisha mraba mmoja mmoja. Hapo mteja anataka mtindo wa nywele na sura inayofanana. Wale wazuri hupunguza rangi ya ngozi hadi daraja tatu tu, giza, kati na mwanga, ili sura isomeke na abiria aliye kwenye daladala linalokwenda. Udhaifu huonekana wanapoongeza mwili. Picha ya kichwa haikuwapa mkao, basi mtu anasimama wima kama nguzo, mikono imening'inia.

Kijana anayetaka kujifunza hahitaji kusubiri vifaa vya gharama. Chukua daftari na kalamu ya wino, ukae stendi au sokoni. Mpe kila mtu nusu dakika. Chora kwanza mstari wa uti wa mgongo, kutoka kisogoni hadi nyongani. Pili, tafuta mguu unaobeba uzito. Tatu, chora pengo lililo kati ya mkono na mwili. Uso uache. Kurasa 50 za namna hiyo zitakufundisha mengi kuliko mwezi mzima wa kunakili picha za wasanii maarufu kutoka kwenye simu. Ukihitaji wenzako wa kukukosoa, Nafasi Art Space iliyopo Mikocheni imekuwa ikikusanya wasanii tangu mwaka 2008.

Na wewe msomaji usiyechora, una kazi yako pia. Picha nyingi za mtindo wa Tingatinga hunakiliwa na kuuzwa kwa watalii bila kujali nani alibuni nini, na soko la namna hiyo humfundisha mchoraji uvivu. Ukisimama mbele ya picha Morogoro Stores, uliza: uzito wa mtu huyu uko mguu gani? Mapengo yana umbo? Nukta zinafuata mwili? Picha ikijibu vizuri, nunua. Kisha muulize mchoraji jina lake, uliandike nyuma ya ubao pamoja na mwaka.