Fahamu: Je, maonyesho ya zamani ya Bomas of Kenya yabadilishwe?

Bomas of Kenya ni kituo cha utamaduni kilichoanzishwa na serikali mwaka 1971 huko Lang'ata, Nairobi. Kwa miaka mingi mgeni alitazama ngoma za makabila mbalimbali ukumbini, kisha akatembelea maboma ya mfano.

Kwa nini yanazungumziwa sasa?

Mwaka 2025 Rais William Ruto alizindua ujenzi wa kituo cha mikutano ya kimataifa katika eneo hilo. Je, ngoma walizozizoea wanafunzi wa vizazi kadhaa zibaki zilivyo, au nazo zipewe sura mpya?

Kwingine imekuwaje?

Nchini Marekani, bustani ya burudani ya Disneyland ilianza safari ya mashua iitwayo Jungle Cruise mwaka 1955. Mwaka 2021 kampuni ya Disney ilitangaza kuondoa masanamu yaliyowadhalilisha wenyeji wa misituni. Tatizo hapo halikuwa uchakavu wa mitambo bali heshima ya watu, na hatua hiyo ilichelewa mno.

Kwani ngoma hubadilika?

Hubadilika, kama sanaa nyingine za maonyesho. Huko Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo (DRC), Wanyanga wana utendi wa Mwindo, unaosimuliwa, kuimbwa na kuigizwa. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alirekodi masimulizi yake miaka ya 1950, na matoleo aliyoyachapisha hayafanani: kila fanani alikuwa na lake.

Nani aamue?

Huko Bomas, kundi moja la wachezaji hucheza ngoma za makabila mengi, yakiwemo yasiyo yao. Ndiyo maana wazee wanaozijua ngoma hizo wanapaswa kuketi na wachezaji kabla ya onyesho jipya kupangwa.