Je, Wajua? Wivu wa Kiingereza una macho ya kijani

Waingereza huuita wivu “green-eyed monster”, yaani zimwi lenye macho ya kijani. Aliyelipandisha zimwi hilo jukwaani ni Shakespeare, katika tamthilia ya Othello iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1622. Anayelitaja ni Iago, mfitini mwenyewe wa tamthilia hiyo! Sisi nasi tuna kijicho, ila rangi yake hatukuitaja. Iago huyo huyo ndiye anayezungumzia kuvaa moyo kwenye mkono wa nguo, msemo ambao leo humhusu mtu asiyeficha hisia zake.

Lakini kinachowatoa wanafunzi wa Kiingereza jasho ni vijineno vinavyofuata kitenzi. “Break” ni kuvunja. “Break down” ni kuangua kilio, “break up” ni wapenzi kuachana, na “break in” ni kudakia maneno ya mwenzio (pia ni kuvunja nyumba, basi angalia muktadha). Usishangae. Kiswahili hucheza mchezo wa aina hiyo kwenye mkia wa kitenzi: acha, achia, achana, achilia. Mwingereza anayejifunza Kiswahili huumwa kichwa papo hapo.